Nywele za Hawe na Mchemraba Wangu

Juzi nilimsindikiza rafiki yangu saluni kule Nyali, alikuwa na harusi ya mdogo wake. Nimekaa nangoja, binti mmoja akapasua pakiti ya piko, ile rangi nyeusi ya nywele, akaanza kuikoroga kwenye kibakuli cha plastiki. Nilinyanyuka nikatoka nje. Rafiki yangu alidhani nina mimba. Wenzangu mliokulia upande huu wa Kisauni mnaijua harufu ile, inavyopanda puani mpaka macho yanatoa machozi. Kwa watu wengi ni harufu ya harusi na ya Idi. Kwangu mimi ni harufu ya bibi yangu mzaa baba, ambaye sisi Wagiriama tunamwita hawe, na ya ule muda aliokaa nasi Mjambere. Nikiinusa, mwili huogopa kabla mwenyewe sijakumbuka naogopa nini.

Tulikuwa tumepanga kwenye nyumba ya vyumba vinavyotazamana, ua katikati, bomba moja la maji na kamba za kuanikia nguo zinazopishana juu ya vichwa. Baba alikuwa kibarua wa kiwandani ng'ambo ya daraja. Mama alikuwa na cherehani mlangoni mwetu, akishona sare za shule na mavazi ya kwaya ya kanisa. Mimi nilikuwa darasa la sita, mtoto wao wa pekee, na nilijiona mwerevu kupita kiasi.

Hawe alikuja mchana kweupe kwa gari la kukodi, jambo ambalo kwetu lilifanywa kwa wagonjwa na maiti tu. Baba alikuwa amekwenda kumchukua nyumbani, bara ya Kaloleni. Nilikimbilia mlangoni nikitarajia kuona mtu wa kubebwa, akateremka mwanamke mrefu, mzima wa afya, kapu la ukindu mkononi na kichwa cheupe pe. Mama akamwamkia, akampa maji, kisha akamwingiza chumbani na kufunga mlango. Walipotoka, nywele za Hawe zilikuwa nyeusi tititi, na paji la uso lilikuwa na michirizi ya piko iliyokataa kutoka kwa sabuni.

Nilifurahi sana. Nilidhani amekuja mjini kuwa mrembo. Kila mizizi myeupe ilipochomoza, mama aliacha kushona, akakoroga piko, akaingia naye ndani. Nikaomba na mimi nipakwe kidogo. Mama alinitazama kwa jicho nisilolijua, akasema, "Wewe kasome." Kisha akanifundisha cha kuwajibu watu. "Ukiulizwa, sema Hawe amekuja kutibiwa macho. Umesikia?" Nilisikia, ingawa sikuelewa, maana Hawe alikuwa akiona mtu akiwa bado mwisho wa kichochoro na kumtaja kwa mwendo wake.

Leo sote tunajua, hata wale wanaojifanya hawajui. Kwetu bara mzee mwenye mvi halali usingizi. Mtu akifa, mvua ikigoma, ng'ombe akitupa ndama, watu huanza kutafuta mchawi, na macho yao huishia kwenye kichwa cheupe, na mara nyingi kichwa hicho huwa na shamba. Hawe alikuwa na shamba la minazi na mikorosho aliloachiwa na babu. Baba alikuwa ameambiwa na mtu wa kuaminika kwamba jina la mama yake linatajwa kwenye vilabu vya mnazi. Lakini hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa na shughuli zangu.

Shughuli yenyewe ilikuwa mchemraba. Ulitoka Kongowea, kwenye mafungu ya vichezeo vya mitumba, ule wa pande sita na rangi sita unaozungushwa mpaka kila upande uwe na rangi yake. Ulikuwa mgumu kuzunguka, na baadhi ya karatasi za rangi zilikuwa zimebanduka pembeni. Njia ya wanaoanza niliijua vizuri. Unajenga msalaba mweupe juu, unaingiza kona zake, unateremka safu ya katikati kipande kimoja kimoja, halafu unamalizia safu ya mwisho kwa mizunguko uliyoikariri. Darasani kwetu hakuna aliyeweza kumaliza hata upande mmoja, kwa hiyo mimi nilitembea nimeinua shingo.

Aliyenishusha ni Mwende. Alikuwa msichana wa kidato cha tatu, akikaa chumba cha pili kutoka chetu na baba yake, dereva wa lori, watu wa Machakos waliopitia Nairobi kabla ya kuja Pwani. Alinitazama nikimaliza mchemraba kwa majivuno yote, akaniambia, "Hiyo ni njia ya watoi. Uko sawa, lakini utazeeka hapo hapo." Kuitwa mtoto kulinikasirisha nusura nilie. Siku ya pili yake nikaenda kubisha mlango wake, akaja tukakaa barazani kwetu.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuugeuza mchemraba juu chini. "Msalaba uweke chini," akasema.

"Sitauona."

"Ndiyo maana. Unajua uko hapo, unautazamia nini?"

Cherehani ya mama ikanyamaza. "Mmesema msalaba ufanywe nini?" akauliza kutoka mlangoni. Mwende akacheka, akamwonyesha vipande vyeupe, akamweleza. Mama naye akacheka. Lakini hakukanyaga tena cherehani mpaka Mwende alipoondoka, na jioni ile sala yetu ya kabla ya chakula ilikuwa ndefu hadi ugali ukapoa.

Njia mpya ilikuwa hivi. Kona na kipande cha ubavu kinachofuatana nayo huvipeleki kila kimoja kwa safari yake. Unavitafuta, unavikutanisha juu, vikishakamatana unaviteremsha pamoja. Ukiijua unapita safu mbili kwa pamoja, na anayekutazama anadhani unabahatisha. Lakini ili vikutane, mara nyingi lazima uvunje kidogo kile ulichokwisha kujenga, na hapo ndipo nilipokwama. Nikiona kazi yangu imefunguka, mikono iliganda.

"Vunja!" Mwende alinikemea. "Unaogopa nini? Unavunja ukijua utairudisha."

Mzunguko wa kwanza aliotaka niumeze niliupa maneno yangu mwenyewe. Upande wa kulia unapanda, wa juu unavutwa, wa kulia unashuka, wa juu unarudishwa. Panda, vuta, shuka, rudisha. Niliuimba nikichota maji, nikiosha vyombo, nikienda shule. Mwende alitaka niufanye huku nimefumba macho, vidole vizoee mpaka macho yasiwe na kazi tena pale. Kazi ya macho, alisema, ni kutafuta jozi inayofuata. Kusema ni rahisi. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi sasa, kama vinakimbizwa, lakini kila nilipoteremsha jozi moja nilisimama, nikaugeuza mchemraba huku na huku kutafuta nyingine. Nikawa nakimbia na kusimama, nakimbia na kusimama, na mwisho wa yote nilichelewa kuliko zamani nilipokuwa na njia ya watoi.

Hawe alikuwa akiyaona yote hayo. Kutwa alikaa mlangoni karibu na cherehani, mgongo ukutani, akisuka ukili wa mikeka. Hakukaa hata siku moja akiupa mgongo mlango wa ua. Vidole vilipishanisha ukindu vyenyewe, na macho yalikuwa kule tunakoingilia. Mimi nilidhani anatarajia wageni.

"Hawe, unamngoja nani?"

"Simngoji mtu. Natazama tu."

Alasiri moja nilisonya kwa hasira, akaniita. "Sidi."

"Abee, Hawe."

"Mbona unasimama simama?"

"Natafuta kipande."

"Unakitafuta sasa? Ulipokuwa ukikiweka kile cha kwanza, macho yalikuwa wapi?"

"Kwa kile cha kwanza."

Akauinua ukili wake, bila kuacha kusuka. "Mkono ukishaijua njia, jicho linafanya nini hapo? Huu uliomo mkononi ushakuwa. Mimi naangalia ule pale chini utakaofuata, kama ni mzima ama umepasuka. Nenda polepole, mwanangu. Polepole mpaka uone haya. Lakini usisimame."

Nilijaribu. Nilikwenda polepole kwa namna ambayo Mwende angenicheka, mkono ukiteremsha jozi moja na macho yakizunguka kutafuta nyingine, na ghafla nikaiona, kona ya kijani na nyekundu imejibanza nyuma, kabla mkono haujamaliza. Nikaipata na iliyofuata. Ule mchemraba wa kukwaruza ukatembea kutoka mwanzo hadi safu ya mwisho pasipo kituo. Nilipiga kelele mpaka mama akajichoma sindano. Sijui kama nimewahi tena kufurahi vile, na nimefurahi mara nyingi maishani.

Mwende alinitazama jioni ile, akakunja uso. "Nani amekufunza hii?"

"Hawe."

"Huyo shosho ni noma," akasema, na kwa Mwende hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Basi Hawe akaingia kwenye mchezo. Akausoma ule mzunguko kwa vidole vyake virefu, akawa anauimba nami kwa sauti ya chini. Aligundua mwenyewe kwamba ukirudia panda, vuta, shuka, rudisha bila kuchoka, rangi huvurugika, zikazidi kuvurugika, halafu kidogo kidogo kila kipande hurudi kwao. Jambo hilo lilimshika. Alilifanya tena na tena, akiuliza, "Na hiki nacho kimerudi? Hakikupotea njia?" Nilimwambia hakiwezi kupotea. Akarudi kutazama mlango wa ua.

Sasa nimtaje Mama Furaha. Alikuwa mshona vikapu, mwimbaji wa kwaya, jirani wa nyumba ya nyuma. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, maana mtu mbaya ungemjua umkwepe. Kwao ni bara kama kwetu, kijiji cha pili. Alikuja na kitambaa chake apimwe gauni la kwaya, mama akiwa amekwenda dukani kununua uzi. Mimi nilikuwa mkekani nimefumba macho, nanong'ona mzunguko wangu, mchemraba unazunguka mikononi. Hawe alikuwa ameinama karibu na sikio langu, ananong'ona pamoja nami. Niliposikia kandambili nikafumbua macho. Mama Furaha alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, kitambaa amekikumbatia kifuani.

"Shikamoo, Mama Furaha," nikasema.

Hakuitikia marahaba. Alikuwa akimtazama Hawe kichwani, pale kwenye mstari wa nywele ambapo piko ilikuwa imeanza kupungua. "Nitarudi siku nyingine kupimwa," akasema. Hakurudi, na gauni lake lilishonwa na fundi wa Magogoni.

Baada ya hapo mambo yalibadilika taratibu. Watoto wa nyumba ya nyuma waliacha kuja kucheza kwetu. Nikifika bombani na ndoo, niliachiwa nafasi nichote kwanza, na mimi nikajiona nimeheshimiwa. Akina mama wa kanisa walikuja kutuombea bila kuitwa. Walimwekea mikono mama, walimwekea baba, hawakumgusa Hawe, na walipofika kwangu mikono ilikuwa mizito mpaka shingo ikaniuma. Mmoja wao alimwambia mama walipokuwa wakivaa viatu, akidhani sisikii, "Mtoto anarithishwa, mama. Usifumbe macho."

Mimi nilielewa kwamba nitarithi. Hawe alikuwa na bangili mbili za shaba alizopewa na mama yake, na nilikuwa nimezitamani siku nyingi. Nikaenda moja kwa moja kumwuliza kama ni kweli zitakuwa zangu.

"Nani kasema?"

Nikamweleza neno kwa neno, nimefurahi. Vidole vyake vikaacha kusuka. Tangu aje sikuwahi kuviona vimesimama, na niliogopa, kwa mara ya kwanza, bila kujua nimeogopa nini. Akazivua bangili zote mbili, akazitia ndani ya kapu chini ya ukindu, akaniambia nisizitaje tena kwa mtu yeyote.

Maneno hayahitaji nauli. Yalivuka daraja, yakapanda mpaka bara, na Jumapili moja tukitoka kanisani tulimkuta Baba Mdogo Karisa amekaa barazani. Alikuwa mtoto wa mke mwenza wa Hawe, mtu wa adabu, mpole wa sauti. Aliinuka akamwamkia Hawe kwa kuinama kabisa, akatukabidhi korosho kwenye mfuko wa karatasi. Wapangaji walikuwa uani, wengine wakifua, wengine wamekaa tu kama siku ya Jumapili ilivyo.

"Nimeleta msiba," akasema. Kijana wa jirani zetu kule nyumbani alikuwa amekufa, tumbo lilimshika ghafla. "Hanga limeanza. Watu wanakungoja, mama."

Nilijisikia fahari kwamba watu wanamngoja Hawe wangu.

"Mama haendi," baba akasema. "Macho yake hayajapona."

"Macho," Karisa akarudia. Akanyanyua uso, akamtazama kichwani. "Nywele nazo zimepona, naona."

Karisa akaendelea taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. "Kaka, mimi ni mjumbe tu. Wewe unajua desturi. Asiyekuja kulia na wenzake, watu watajiuliza mbona anaogopa kuutazama mwili. Lisemwalo lipo, na kama halipo, li nyuma laja."

Kwetu hanga, ndiyo matanga, halina mwaliko. Kila mtu huja, rafiki na adui, na kama kuna mtu aliyenong'onezwa jina, ndiye anayetazamwa kama amefika. Asipofika amejibu. Kwa hiyo Hawe akibaki Mjambere amekubali kwamba ameua, na akienda, amekwenda mwenyewe mikononi mwa wanaosema hivyo. Baba alijua hilo, mama alijua, na nadhani hata wale waliokuwa wakifua walijua, kwa sababu maji yaliacha kumwagika.

Ndipo Karisa akanigeukia mimi. Mchemraba ulikuwa mkononi mwangu kama kawaida. "Na huyu ndiye nasikia anafundishwa?"

"Anafundishwa nini?" baba akauliza.

"Mimi nitajua wapi? Nauliza. Wanasema hufumba macho."

Mama alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Halafu Hawe akacheka. Kicheko cha ajabu, kikubwa, cha kijinga, ambacho sijawahi kukisikia kutoka kwake.

"Sidi! Hebu lete kidude chako. Njoo unifundishe, babako mdogo aone. Kila siku namwambia mtoto huyu anifundishe, kichwa changu hakishiki!"

Nilikaa karibu naye, nimefurahi, nikadhani tunakwenda kumwonyesha mgeni. Hawe akaushika mchemraba kama anayeshika kiazi cha moto. "Panda," akasema, akazungusha upande wa kushoto. "Halafu nini tena?"

"Vuta, Hawe."

"Vuta huku?" Akavuta upande wa chini. Akausokota mpaka ukakwama, akaugongesha kwenye goti. Watu wa uani walianza kucheka. Uso wangu uliwaka kwa aibu. Jana yake tu vidole vile vilikuwa vimekwenda mzunguko mzima bila kukosea.

"Hawe, lakini wewe unajua! Jana—"

Mama akanikanyaga mguu, kisigino chote. Na papo hapo Mwende, aliyekuwa kwenye kamba akianika nguo, akaja akijifuta mikono. "Shikamoo, mzee," akamwambia Karisa. "Huyo shosho hawezi. Nimejaribu kumfunza nikachoka. Sidi nimemfunza mimi. Leta." Akauchukua, akafumba macho yake mawili mbele ya watu wote, akafanya panda, vuta, shuka, rudisha kwa sauti kubwa, kisha akafumbua akaumaliza wote, tap tap, akamnyooshea Karisa. "Ni mchezo tu. Kuna watu hushindana. Unataka kujaribu?"

Karisa akarudisha mikono nyuma. Watoto wakacheka zaidi, na yeye akacheka kwa midomo. "Kumbe ni mambo ya watu wa mjini."

"Ya mjini!" Hawe akasema, akijipiga mapaja. "Mimi mzee wa shamba nitajulia wapi?"

Nilikimbilia ndani nikalia kwa hasira. Nilidhani amenidhalilisha mbele ya watu, na kwamba ni kweli amesahau, na kusahau kwake kuliniuma kuliko kudhalilishwa. Nilikuwa mtoto, na mtoto hutazama kipande kilichomo mkononi. Yeye alikuwa ameshaona kinachofuata. Alivivunja vyote tulivyovijenga, mbele ya mashahidi, ili mtu yeyote atakayeulizwa aseme kwamba bibi yule hakuwa na kitu cha kumrithisha mjukuu.

Nikiwa ndani nilimsikia akisema, kwa sauti yake ya kawaida sasa, "Nitakwenda hangani."

"Mama!" baba akasema.

"Nisipokwenda, wakitoka kwangu watakwenda kwa nani?"

Karisa akaaga kwa heshima zake zote, akasema atawaandalia mahali pa kulala.

Asubuhi Hawe aliomba wembe. Mwenye msiba hunyoa, akasema, na yeye anakwenda kulia. Mama alimnyoa uani, kwenye kigoda, jua likiwa kali tayari, na alilia wakati wote akinyoa, hakuficha. Nywele zilianguka juu ya saruji, nyeusi juu, nyeupe chini. Kichwa kilipobaki kitupu, Hawe alikuwa na sura ya mtoto. Alinawa, akavaa leso zake nyeusi, akanishika kidevu. "Usisimame simame," akaniambia tu, wakaondoka na baba.

Baba alikaa naye hangani mpaka likaisha, bega kwa bega, hata chooni alimsindikiza. Hakuna aliyemgusa. Walimpa uji, wakampa mkeka. Lakini baba alirudi peke yake. Mama yake alikuwa amekataa katakata kurudi Mjambere. Alisema akirudi, maneno yatarudi naye, na mlangoni mwetu kuna mtoto. Basi akabaki katika nyumba yake, kati ya minazi yake, na nywele zikaanza kumea upya, nyeupe. Hakutaka tena kupakwa kitu.

Tulikuwa tukimpigia kwa simu ya jirani yake. Alikuwa haulizi shule wala afya. "Sidi, husimami?"

"Sisimami, Hawe."

"Haya."

Na ni kweli sikuwa nasimama. Nilijifunza mizunguko ya safu ya mwisho, ile mirefu ambayo mtu wa njia ya watoi haigusi, nikampita Mwende mwenyewe, akanuna wiki nzima kisha akaniletea mchemraba mpya laini kutoka Nairobi. Nilipanga likizo nikamwonyeshe Hawe. Mama alisema tutaona.

Mvua za kupanda zilikuwa zimeanza jirani yake alipotupigia. Walimkuta mlangoni mwa jiko lake, mchana, majani ya mchicha aliyokuwa akichambua yametawanyika, amekatwa kwa panga. Hakuna aliyesikia kitu, ingawa nyumba ya Karisa iko umbali wa kuitana. Polisi walikuja wakauliza, wakaondoka. Hakuna aliyeshtakiwa. Sijitafutii hatia katika hili, wala sitaki mtu anitafutie. Nilikuwa mtoto aliyecheza na kichezeo. Waliomwua walikuwa watu wazima na walijua wanachofanya. Nina hasira tu, hasira isiyozeeka, na shamba lile sasa lina ua wa mawe wa mtu nisiyemjua.

Tulikwenda kumzika. Karisa ndiye aliyepanga viti, ndiye aliyepokea wageni, na alilia kuliko wote. Nilikaa na mama kwenye mkeka wa wanawake, karibu na jeneza kiasi cha kuligusa. Nilikuwa sijalia bado. Nilikuwa nikiwatazama watu, mmoja baada ya mwingine, nani anamtazama nani, nani anaondoa macho nikimfikia, na niliona kichwa cha mwanamke mmoja kikigeuka kabla hajafungua kinywa. Alikuwa dada wa yule kijana aliyekufa kwa tumbo. Alinitazama mikono, akauliza kwa sauti ya kusikika, "Huyu si ndiye mjukuu aliyekuwa akifundishwa?"

Nilihisi mkono wa mama ukinishika kiuno.

"Hapana," nikajibu, kwa sauti kubwa, mpaka wanaume waliokuwa kaburini wakainua vichwa. "Hawe hakunifundisha kitu."

Yule mwanamke akanitazama kidogo, kisha akajisogeza, akanipa nafasi mkekani.